Mzio na Manukato Kandokando ya Mlima Meru

Neno mzio si geni katika Kiswahili, ijapokuwa wanafunzi wangu wengi hulidhani kuwa lilibuniwa juzi na kamati ya istilahi ili lishike mahali pa aleji katika vitabu vya tiba. Kabla hospitali hazijalichukua, mzio ulikuwa kitu ambacho mtu alikatazwa: samaki wa namna fulani, nyama ya mnyama fulani, au chakula ambacho mganga alimwonya mgonjwa asikiguse mpaka dawa imalize kazi yake. Waganda wanalo neno omuziro, nalo kwao ni mnyama au mmea ambao ukoo mzima umekatazwa kuula. Na kitenzi chao kuzira maana yake ni kujiepusha. Nasaba ya maneno haya ni moja. Wazee wa pande nyingi walishikilia kwamba mtu avunjaye mzio wake, adhabu yake huonekana kwanza juu ya ngozi: huvimba, huwashwa, hutokwa na vipele.

Mwaka 1906 tabibu wa Vienna, Clemens von Pirquet, alihitaji jina la ile hali ya mwili kubadili mwenendo wake mbele ya kitu ambacho umekwisha kukutana nacho. Aliunga maneno mawili ya Kiyunani, moja la kusema "nyingine" na moja la kusema "kazi", nalo hilo ndilo lililotufikia kwa umbo la aleji. Jina lake latazama mwili peke yake. Jina letu latazama kitu na mtu kwa pamoja, kwa sababu mzio wa huyu waweza kuwa kitoweo cha yule, wala hapana aliye na kosa kati ya mlaji na chakula. Nakiri kwamba napendelea la kwetu, na msomaji ataona mbele kidogo kuwa sababu yangu si ushabiki wa lugha tu.

Nataka kueleza habari za mzio mmoja, ule wa manukato yapakwayo mwilini, na mahali pake ni Arusha na miteremko ya Mlima Meru. Yamkini mtu atauliza historia gani yaweza kupatikana katika sabuni na mafuta ya kujipaka. Jawabu langu ni kwamba katika mji huu serikali, wafanyabiashara na mabibi wa nyumbani wamewahi kugombania ngozi ya mtu kwa bidii ile ile waliyogombania ardhi.

Mwambao umejua kunukia tangu kale. Al-Masudi, ambaye safari yake ya mwisho ya pwani ya Zanji ilikuwa mwaka 916, aliandika habari za ambari iliyookotwa katika fukwe zetu. Baadaye mwanamke wa mwambao alijiundia elimu kamili ya harufu: udi wa kufukiza nguo, liwa ya kupaka usoni, dalia, singo, asumini na mlangilangi wa kutia nyweleni, na marashi ya mawaridi ya kuwanyunyizia wageni. Mapema katika karne ya 19 mikarafuu ilipandwa Unguja, na dhoruba ya mwaka 1872 ilipoiangusha mingi, Pemba ikawa ndiyo shamba kuu. Karafuu yapasa kukumbukwa hapa kwa sababu mafuta yake, kwa sehemu iliyo kubwa kuliko zote, ni dutu moja iitwayo yujenoli. Ndiyo inayomfanya aliyetoka kwa daktari wa meno anukie karafuu. Katika karne hiyo hiyo ya 19 wanakemia wa Ulaya waliigeuza kuwa vanila ya kiwandani, na watengenezaji wa manukato waliitia katika chupa zao pamoja na nduguye, isoyujenoli. Hivyo zao la watumwa na vibarua wa visiwani lilikwenda Ulaya likiwa limekauka katika magunia, na baadhi yake likarudi Afrika likiwa harufu isiyo na jina ndani ya mche wa sabuni.

Huku mlimani mambo yalikuwa mengine. Waarusha, wasemao lugha ya Kimaasai, waliokaa katika miteremko ya kusini ya Meru tangu karne ya 19 na kushika jembe, walikuwa na udongo mwekundu uitwao olkaria, uliochanganywa na mafuta ya mnyama na kupakwa kichwani na mwilini. Kwa harufu nzuri palikuwa na leleshwa, kichaka chenye majani ya rangi ya fedha kiotacho upande mkavu wa mlima. Kijana alivunja majani yake na kuyaweka kwapani, nayo hunukia kama kafuri. Sitaki kuyapamba mambo hayo kupita kiasi. Mafuta ya mnyama huvuta nzi, na kidonda chini ya tope hakiponi upesi. Lakini udongo ule, kwa kemia yake, ni oksidi ya chuma, nayo ni miongoni mwa vitu ambavyo ni nadra sana kuamsha mzio katika ngozi. Viwanda vya vipodozi vyaitumia mpaka leo kutia rangi poda za uso.

Wajerumani walijenga boma lao Arusha mwaka 1900, na reli ikafika kutoka Moshi mwaka 1929. Nyuma ya boma na reli yalikuja maduka, na ndani ya maduka ikaja sabuni yenye harufu. Baba yangu mzazi, mtu wa Tanga, aliletwa katika mji huu na kazi ya reli, naye alituletea kutoka kwao chupa ya marashi na chetezo cha udongo. Nyumba yetu ilinukia vitu viwili kwa siku moja: udi jioni, na sabuni ya dukani asubuhi.

Mwishoni mwa mwaka 1967, mwaka ule ule ambao Azimio lilitangazwa katika mji huu, wakubwa wa serikali walianzisha kampeni ya kuwavua Wamaasai mavazi yao ya asili. Mkoa wa Arusha wa wakati huo, ambao ulikuwa mpana kuliko huu wa leo, ndio uliokuwa uwanja wa kampeni hiyo. Lubega ilikatazwa, na olkaria ilikatazwa pamoja nayo. Mwili uliopakwa udongo mwekundu uliitwa uchafu, na sabuni ikawa ni dalili ya uraia. Kisha mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1969, kupiga vita sketi fupi, wigi, suruali za kubana na mafuta ya kujichubua. Twatazama hapa jambo la ajabu. Ndani ya muda wa miezi kumi na tano, nchi moja ilimkataza mchungaji kujipaka wekundu kwa kuwa amebaki nyuma mno, na ikamkataza karani wa kike kujipaka weupe kwa kuwa amekwenda mbele mno. Katika hotuba za kampeni zote mbili ngozi ilikuwa bendera. Swali la kwamba mafuta yale huifanyia nini ngozi yenyewe, yaani kwamba mtu huwashwa, huvimba au hudhurika, lilikuwa dogo kulinganisha na swali la heshima ya taifa.

Na swali hilo lilikuwa na majibu ya kutisha. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la tiba la Uingereza habari za wagonjwa wazima waliovimba miili kwa ugonjwa wa figo, nao wengi wao walikuwa watumiaji wa mafuta ya kung'arisha ngozi yenye zebaki. Habari hizo zilitokea Nairobi, mwendo wa saa chache tu kutoka kwetu kwa njia ya Namanga.

Miaka ya shida sitaikalia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni ya namna yoyote ilikuwa adimu, na mama zetu walifua kwa majani ya mpapai. Biashara ilipofunguliwa tangu mwaka 1984, na watu wakaruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, njaa ile ya miaka mingi ilishibishwa kwa mwezi mmoja. Maduka ya Arusha yalijaa losheni, krimu, poda na manukato ya kila taifa, mengine yenye maandishi ambayo muuzaji mwenyewe hakuyajua kuyasoma. Hapo ndipo historia hii inapoingia nyumbani kwetu.

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani pale Ngarenaro. Mwaka 1996, nami nikiwa bado shuleni, aliota madoa meusi usoni na shingoni. Hayakuanza yakiwa meusi. Yalianza kwa kuwashwa, na vipele vidogo sana chini ya taya, ambavyo mwangaza wa taa ya mafuta haukuweza hata kuvionyesha. Majirani walisema ni jicho la hasidi, maana cherehani yake ilikuwa ikipata wateja. Naye, kama mwanamke msafi yeyote, alizidisha usafi: alijisugua kwa sabuni ile ile yenye harufu ya maua, akajipaka losheni ile ile, akamalizia kwa marashi. Kila alipozidisha usafi madoa yalizidi. Hata siku moja duka moja la mjini likamwuzia kopo dogo la krimu, wakamwambia itayafuta. Iliyafuta kwa majuma matatu. Kisha uso ukawaka, na weusi uliorudi ulikuwa mara mbili ya ule wa kwanza. Akaacha kutoka nje mchana. Nguo za wateja akawa anazipokea dirishani, kanga ameivuta mpaka machoni.

Nimekuja kujua baadaye kwamba mkondo huu una maelezo yake, na sehemu kubwa yake ilikuwa imejulikana kabla yeye hajazaliwa. Mwaka 1895 Josef Jadassohn wa Breslau alionyesha kwamba mzio wa ngozi waweza kuthibitishwa kwa kubandika kiasi kidogo cha kitu kinachoshukiwa juu ya ngozi nzima ya mgonjwa na kungoja. Kungoja ndiko kwenye siri yote. Molekuli za manukato ni ndogo mno. Hupenya tabaka ya juu ya ngozi na kujishikiza kwenye protini za mwili, na askari wa mwili huiona protini ile iliyovikwa kitu kigeni kuwa adui. Mara ya kwanza hapana kinachoonekana. Askari hao hujifunza kwa siku kumi au majuma mawili, kisha hukumbuka, na aghalabu kumbukumbu hiyo haifutiki maisha yote. Siku mtu anapojipaka tena, vipele havitoki papo hapo. Hutoka baada ya siku moja, mbili au tatu, wakati ambapo amekwisha kula, kufua, kuvaa na kukutana na watu wengi wa kuwatuhumu. Hii ndiyo sababu hasidi hupatikana kwa urahisi kuliko sabuni.

Tena mtu huweza kutumia kitu miaka ishirini bila dhara, akajiaminisha nacho, na mwaka wa ishirini na moja kikamkataa. Shangazi hakuweza kulisadiki jambo hilo. Sabuni ile alikuwa akiitumia tangu bidhaa zilipoanza kuonekana tena madukani, sasa yawezaje kumgeuka?

Mwaka 1977 daktari wa Marekani, Walter Larsen, alikusanya dutu nane za manukato ziwe kipimo kimoja cha kutambua mzio huu, na kipimo chenye asili hiyo hutumika mpaka leo. Mna ndani yake vitu vya mdalasini, kitu cha harufu ya waridi, dutu itokayo katika ukoga wa magome ya mialoni ya Ulaya. Na mna yujenoli na isoyujenoli, yaani karafuu yetu. Msomaji wa Unguja asinune. Kitu kutoka shambani hakikingi ngozi kwa sababu tu ya asili yake, na mlangilangi, asumini na msandali navyo vimeonekana vikiwakataa watu. Limao na mrujuani zina dutu ambazo zikiwa mpya ni pole, lakini zikikaa na hewa huchacha na kuwa kali; chupa iliyofunguliwa na kukaa miezi katika joto la kibanda cha soko la Kilombero si chupa ile iliyotoka kiwandani. Mlima wenyewe una ushahidi wake: pareto, ua jeupe lililolimwa katika nyanda za juu za kaskazini tangu zama za wakoloni kwa ajili ya dawa ya wadudu, lina dutu ambayo watafiti waliitaja mwaka 1972 kuwa ndiyo iliyowababua mikono walioshika maua hayo.

Wazungu wengi waliosoma ugonjwa huu waliusoma katika ngozi nyeupe, kwa hiyo vitabu vyao husema alama yake ni wekundu. Katika ngozi yetu wekundu hujificha. Kinachobaki ni weusi, nao hukaa miezi, pengine miaka, baada ya muwasho kwisha. Wajapani ndio waliolishughulikia sana jambo hili. Katika miaka ya 1970 madaktari wao waliona wanawake wenye nyuso zilizopiga weusi, wakafuatilia mpaka wakafika kwenye manukato ya vipodozi, mafuta ya mlangilangi na asumini yakiwamo, na wagonjwa walipopewa vipodozi visivyo na vitu hivyo nyuso zao zilianza kutakata polepole. Laiti habari hiyo ingalifika Ngarenaro. Kwa maana kwetu weusi ule wa mzio hudhaniwa kuwa ni ila ya rangi, na dawa ya ila ya rangi inauzwa dukani, nayo imetiwa zebaki au haidrokwinoni, na juu yake imetiwa manukato ya kuficha harufu yake. Mgonjwa hutibiwa kwa kile kilichomwuguza, kikiwa kimeongezewa sumu. Sisemi kwamba kila mwanamke anayejichubua alianza hivi. Wengi hufuata tu urembo, na hiyo ni habari nyingine, yenye aibu zake. Lakini nimezungumza na wanawake wa Sakina, Unga Limited na Tengeru, na hadithi ya "nilianza kwa ajili ya madoa" nimeisikia mara nyingi kiasi cha kutoiona tena kuwa ni udhuru.

Aliyemwokoa shangazi alikuwa tabibu wa ngozi huko Moshi. Katika mji ule, mwaka 1992, hospitali ya rufaa ya KCMC ilifunguliwa chuo cha kufundisha matabibu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na jambo hilo ni katika bahati za watu wa kaskazini ambazo hazitajwi vya kutosha. Tabibu hakumpa krimu. Alimwamuru aache kila kitu kwa majuma sita, aoge kwa maji na sabuni ya mche isiyo na harufu, ajipake mafuta mazito ya mgando yasiyo na kitu. Kisha akamfundisha kipimo cha maskini, ambacho nakiandika hapa kwa kuwa hakina gharama: twaa kipodozi kimoja tu, kipake mara mbili kila siku mahali pamoja, katika kunjo la kiwiko, kwa muda wa siku saba hadi kumi na nne. Pakiwasha, acha, nawe umemjua mgeni wako. Losheni ilipita siku ya tatu bila neno. Sabuni, ambayo huoshwa na haikai mwilini, iliachwa ijaribiwe mwisho. Marashi ya chupa, si yale ya mawaridi ya Tanga bali ya dukani, yaliamsha vipele siku ya nne, na losheni ikafuata siku ya tisa. Alilia kwa ajili ya marashi. Uso hakuulilia.

Sheria nazo zimekuja kwa mwendo wa kobe. Mwaka 2003 Bunge lilitunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi, na mamlaka iliyoundwa kwa sheria hiyo ikawa na nguvu za kukamata vipodozi vilivyokatazwa. Mwaka 2019 kazi ya vipodozi ilihamishiwa Shirika la Viwango. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake ni hapa Arusha, inavyo viwango vya vipodozi vyenye orodha ya vitu vilivyokatazwa, na zebaki imo. Lakini manukato ni jambo jingine. Mwaka huo huo wa 2003 Ulaya iliamuru kwamba dutu 26 za manukato ziandikwe kwa majina yake juu ya kifungashio zikizidi kiasi fulani, na mwaka 2023 orodha ikapanuliwa ikapita 80. Wataalamu wao walikwisha kukisia mwaka 2012 kwamba kati ya watu 100 wa kawaida, mmoja hadi watatu wana mzio wa manukato. Penginepo neno moja, "parfum", huruhusiwa kufunika makumi ya vitu kwa kuwa ni siri ya biashara. Mganga wa zamani aliyempa mgonjwa mzio alimtajia samaki kwa jina. Kopo la leo halitaji.

Shangazi angali hai, na uso wake umetakata isipokuwa kivuli kidogo chini ya sikio la kushoto. Mwaka jana tulimwaga binti wa nyumba yetu aliyekuwa akiolewa, na kama ilivyo desturi ya watu wa Tanga hata wakiwa chini ya Meru, chetezo kilipitishwa na marashi yakanyunyizwa. Aliyebeba mrashi alikuwa msichana wa Kimeru kutoka Akheri, rafiki wa bibi harusi. Alipomfikia shangazi, yeye alikunjua kiganja kumzuia, akasema kwa upole, "Wapelekee wenzangu, mwanangu. Mimi huo ni mzio wangu." Msichana alisimama kidogo akifikiri, kisha akamwinamia kwa heshima na kumwuliza kwa sauti ndogo ni ukoo gani huko Tanga uliokatazwa marashi.